Hologramu au orkestra yenyewe? Ulinganisho kwa anayepanga tamasha Lubumbashi

Tangu mvua zikatike nimeshaulizwa mara tatu. Wa kwanza alikuwa mwenye baa mmoja wa Kenya (si nchi, ni komine yetu, yaani sehemu ya mji), anayetafuta kitu cha kujaza viti Jumamosi. Wa pili kamati ya harusi. Wa tatu ni watoto wa marehemu mpiga gitaa wa Kamalondo, komine nyingine ya hapa, wanaotaka kumfanyia baba yao usiku wa kumbukumbu. Wote wameona kwenye simu video ileile ya Tupac, rapa Mmarekani aliyekufa zamani, akiimba jukwaani kama picha ya mwanga, na wote wananiuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya mganga: «Yaya (yaani mkubwa wetu), ile hologramu, huku Lubumbashi inawezekana?»

Mimi nakodisha spika, taa na projekta. Jibu la biashara ni kwamba inawezekana, leteni pesa. Lakini nimeshaifanya mara moja ikaniaibisha, na tangu siku ile sipokei arubuni kabla sijamkalisha mteja chini na kumwekea mambo mawili mbele yake: huku picha, huku watu.

Tunanunua nini hasa?

Kinachoitwa hologramu jukwaani si hologramu. Hologramu yenyewe ilibuniwa na Dennis Gabor mwaka 1947, akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1971. Kile kialama kinachobadilika rangi kwenye kadi ya benki ukikigeuzageuza ndicho ndugu yake. Tupac wa kwenye simu yako hakutengenezwa hivyo.

Ule ni ujanja wa kizee. Panda basi la jioni kutoka Likasi, kaa dirishani, halafu dereva awashe taa za ndani. Nje giza. Utauona uso wako umening'inia kule porini, unapita katikati ya miti bila kukwaruzika. Basi, ndiyo hologramu yenu hiyo. Mwaka 1862, mjini London, John Henry Pepper aliugeuza ujanja huo kuwa mchezo wa jukwaani katika Royal Polytechnic Institution: kioo kikubwa kikainamishwa mbele ya jukwaa, mtu akafichwa shimoni akamulikwa taa kali, na watazamaji wakaona mzimu ukitembea kati ya waigizaji. Leo badala ya kioo kuna plastiki nyembamba inayovutwa mpaka inyooke bila kunyanzi, imeinamishwa nyuzi 45, na badala ya mtu wa shimoni kuna video. Mengine ni yaleyale, pamoja na sharti lake kubwa: giza.

Njia ya pili, ya wenye mifuko kama yetu, ni wavu. Kitambaa chembamba chenye matundu kinatundikwa wima mbele ya jukwaa, projekta inakipiga moja kwa moja. Penye mwanga panashika picha, penye weusi jicho linapita hadi nyuma. Mama mmoja aliyetukuta tukiufunga aliuliza kama msanii ana malaria, maana tunamtilia chandarua.

Kuna na ya tatu, ambayo watu wanaichanganya na hizo mbili. ABBA, wale Waswidi wanne, wana onyesho London tangu tarehe 27 Mei 2022, katika ukumbi uliojengwa kwa ajili yao tu, wa watu 3,000. Wazee hao walivaa mavazi yenye alama, wakaimba na kucheza wiki 5 mbele ya kamera 160, kisha mafundi wa Industrial Light & Magic wakawarudisha ujana wao kwa kompyuta. Watu wanasema hologramu, lakini pale ni skrini kubwa mno ya LED na taa zilizopangwa kwa akili sana. Na mbele ya skrini wapo wanamuziki 10 wa nyama na damu, wanapiga kila onyesho. Kumbuka hao 10. Hata kwenye mradi uliomeza takribani pauni milioni 140, hawakuthubutu kuiacha picha peke yake.

Usiku ule wa mraba wa buluu

Niseme aibu yangu sasa ili unielewe. Mwandaaji mmoja alimtaka msanii aliyeko Kinshasa. Kati ya Kinshasa na sisi hakuna barabara ya kumpitisha mtu mwenye haraka. Ni ndege, na ukihesabu tiketi za orkestra nzima na wacheza shoo wake, faida inakufa kabla ya bango kuchapwa. Wazo likaja: msanii aimbe kule mbele ya kitambaa cheusi, apigwe picha kutoka utosini hadi viatuni, atume video, sisi tumtupe kwenye wavu, vijana wa hapa wapige ala nyuma yake.

Na hapa niseme ukweli, nusu saa ya kwanza ilikuwa tamu. Taa zilipozimwa akatokea pale, kimo chake, suti yake, jasho lake. Ukumbi ulipiga kelele ya kuogopa kwanza, ya furaha baadaye. Mtu wa mstari wa tatu alisimama ampungie mkono.

Wimbo wa nne, umeme ukakatika. Jenereta ikachukua, tuseme baada ya sekunde ishirini. Lakini projekta si balbu. Ikizimwa ghafla inataka ipoe, iwake upya, ifikirie. Iliporudi, juu ya wavu ukatokea mraba mkubwa wa buluu, umesimama hewani, na maandishi ya kwamba hakuna kilichochomekwa. Maandishi yalimwangukia kifuani kijana wa tumba. Yeye hakuacha kupiga. Tumba haihitaji waya, na ukumbi mzima ulikuwa umeshaingia kwenye sebene, ile sehemu ya wimbo ya magitaa na kucheza, unapiga makofi gizani, wanawake wameuchukua mwitikio wenyewe. Nilikuwa sijausikia muziki mzuri hivyo usiku ule wote.

Nikachomeka, nikabonyeza. Msanii akarudi. Akarudi mwanzo wa video. Watu wako kileleni, jasho linawatoka, yeye akainua mkono akasema: «Lubumbashi, habari ya jioni!» kana kwamba ndiyo kwanza anashuka kwenye gari.

Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo ukinilinganishia, ya kwanza ni hii: picha haijui mmefika wapi. Orkestra inajua. Kule kwetu sebene halina urefu wake. Mpiga gitaa anatazama kiwanja, akiona watu wamekolea anaongeza mzunguko, akiona mama mmoja ametoka kwenda kucheza peke yake katikati anampa nafasi. Video ya dakika 6 ni ya dakika 6, hata nyumba ikiwaka moto. Na wapiga ala wa kuisindikiza lazima wavae visikizio vyenye mlio wa kuhesabu mapigo, wamfuate mtu asiyewafuata. Kijana wa ngoma wa usiku ule aliniambia baadaye ni kama kucheza densi na nguzo.

Ukumbi, upepo, macho ya pembeni

Hili nalipita haraka kwa sababu halina ubishi. Picha ya namna hii inataka ukumbi wa ndani, wenye mapazia, watazamaji wakiwa mbele. Anayekaa pembeni sana huona msanii mwembamba kama jani la muhindi, au haoni kitu. Projekta ya kuonyeshea mpira, yenye lumeni (kipimo cha mwanga) 3,000 hivi, haitoshi kwa jukwaa. Anza kufikiria 10,000 na kuendelea. Nje ya nyumba usijaribu: mwezi wa nane upepo wetu na vumbi lake jekundu vitamfanya mwimbaji wako ajikunje tumboni kama mgonjwa. Baa ambapo watu wanakaa pande nne, wengine nyuma ya jukwaa karibu na friji, ndiyo kabisa. Mwenye baa wa Kenya nilimjibu kabla hajamaliza chupa yake: chukua karindula. Pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi, nyuzi nne, vijana wanaojua kumtania mteja kwa jina. Umeme ukikatika hawatajua hata kama umekatika.

Libanga

Kwenye tamasha letu mtu hanunui wimbo tu. Analipa atajwe. Libanga: atalaku, yule mpiga kelele wa orkestra, au mwimbaji anakatiza anaita jina lako, la mkeo, la kampuni yako ya malori, na wewe unainuka taratibu, unaelekea mbele, unambandika noti kwenye paji la uso. Sehemu ya mapato ya mwanamuziki iko hapo, na sehemu ya raha ya mlipaji iko hapo pia. Sasa paji la uso la mwanga utalibandika nini? Usiku ule jamaa mmoja alijaribu. Noti ya faranga ilishika kwenye wavu sekunde moja, ikaanguka, na kijana wa nyaya akaiokota. Hadi leo wanabishana ni ya nani.

Lakini libanga lina upande mwingine unaonitia ubaridi zaidi. Tupac aliuawa mwaka 1996. Tamasha la Coachella, la Marekani, lilianza mwaka 1999. Tarehe 15 Aprili 2012, picha yake iliyotengenezwa na kampuni ya Digital Domain ilipanda jukwaa la Coachella pamoja na rapa mwenzake Snoop Dogg, ambaye alikuwepo mwenyewe, na kabla ya kuimba ililisalimia tamasha kwa jina. Tamasha ambalo yule mtu hakuwahi kulisikia. Kuna mtu aliyeketi mahali, akaamua marehemu atamke nini.

Ulaya na Marekani waliona ni burudani. Sisi, kwa desturi zetu, tunajua itaishia wapi. Mjumbe mmoja wa ile kamati ya harusi, mtu wa pesa, aliniuliza bila kupepesa: «Sasa akishatengenezwa, atanitaja na mimi?» Alikuwa anasema juu ya mwimbaji aliyekufa ambaye hakuwahi kumjua. Nikamwambia, kaka, kifundi inawezekana, sauti siku hizi inaigwa. Akatoa simu akaanza kunihesabia majina.

Ndiyo maana nalipima tendo hili kwa swali moja ambalo halipo kwenye orodha za mafundi: mwenye sura yuko wapi? ABBA wako hai, walikaa wenyewe mbele ya kamera, wakakubali. Msanii wa Kinshasa alikuwa hai, alijiimbia. Hapo hologramu ni usafiri tu. Mwanasiasa Jean-Luc Mélenchon alifanya hivyo Ufaransa tarehe 5 Februari 2017: alihutubia Lyon, picha yake ikasimama wakati uleule katika mkutano mwingine karibu na Paris. Sikusikia mtu akiona ajabu ya kimaadili. Marehemu ni jambo jingine. Hapo usianze na fundi, anza na familia, yote, si mtoto mmoja mwenye simu nzuri. Nyimbo nazo zina sheria yake, ya mwaka 1986, na kuna SOCODA, chama cha kusimamia haki za watunzi Kongo. Lakini karatasi hizo zinaulizia wimbo. Kuhusu mdomo wa baba yenu mtaulizana wenyewe.

Pesa iko wapi

Watu hulinganisha vibaya hapa. Wanauliza ipi ghali. Swali ni: utaonyesha mara ngapi?

Orkestra unailipa kila usiku: usafiri, chakula, bia, chumba, posho, na yule binamu wa mpiga besi asiyejulikana kazi yake. Usiku wa kumi unalipa kama wa kwanza. Picha unailipia karibu yote kabla hujaiona: kumpiga msanii, au kumtengeneza, kuhariri, wavu, projekta kubwa, mafundi, mazoezi. Ukishamaliza, usiku wa kumi ni mafuta ya jenereta na mshahara wa watu wachache. Kwa hiyo ABBA wakirudia onyesho lilelile wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka, hesabu inakubali. Mtu anayetaka usiku mmoja Lubumbashi anajenga reli ya kupitisha treni moja.

Kama kuna mtu angeweza kuzungusha onyesho moja Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, kisha ng'ambo ya mpaka, au kulipeleka Goma na Bukavu ambako msanii wa nje anafikiria mara mbili kabla ya kwenda, hapo ningekaa naye mezani. Hata hivyo ningemuuliza kwanza kwa nini isiwe skrini ya kawaida, kubwa na safi. Nusu ya wanaosema wanataka hologramu wanataka kumwona mtu vizuri. Kamati ya harusi ndiyo niliyowashauri: marehemu babu wa bwana harusi kwenye skrini, dakika mbili, video yake halisi ya simu akicheka na kuku wake, halafu zima, muziki uanze. Sikupata pesa nyingi hapo, lakini hakuna aliyesalimiwa mara mbili.

Vijana hawanielewi nikisema haya. Mwanangu anaona nimezeeka. Ananikumbusha kwamba rapa Travis Scott aliimba ndani ya mchezo wa kompyuta wa Fortnite Aprili 2020, watu zaidi ya milioni 12 wakaingia kwa pamoja, na kwamba Japani wanajaza kumbi kumtazama Hatsune Miku, binti wa kuchorwa ambaye sauti yake ni programu iliyoanza kuuzwa mwaka 2007. Nampa haki yake. Miku hana kaburi. Hakuna anayemwibia mdomo, na mashabiki wake wanajua wamekuja kumwona nani. Tena, angalia nyuma ya picha yake: wapiga ala. Tena wanadamu.

Watoto wa mpiga gitaa

Hawa ndio walionisumbua, kwa sababu ombi lao halikuwa la maonyesho. Baba yao alikuwa wa mkondo ule wa gitaa kavu, la kidole gumba na cha shahada, ambao Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke aliutangaza duniani baada ya Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, kumrekodi Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952. Walileta picha nne zilizopauka na kaseti moja. Video hakuna.

Nikawaeleza kazi ilivyo. Picha ya msanii aliyekufa haitolewi kwenye kaseti kama maji kwenye mtungi. Hata wenye video nyingi, tuseme mwimbaji Papa Wemba, aliyeanguka jukwaani na kufariki Abidjan tarehe 24 Aprili 2016 na ambaye tamasha zake zimerekodiwa miaka na miaka, huwezi kuzikata video hizo na kuzisimamisha jukwaani. Kamera inaruka huku na huku, nyuma yake kuna watu na taa. Kwa kawaida anatafutwa mtu wa kimo chake, atembee kama yeye, akae kama yeye, kisha kichwa kinabadilishwa kwa kompyuta. Kwa baba yenu, nikasema, huyo mtu lazima pia apige. Kamera itakuwa kwenye vidole. Mzee wa Kamalondo aliyewahi kukaa mita mbili kutoka kwa baba yenu atatazama gumba tu, na gumba likikosea ataondoka.

Binti mkubwa akasema wanaye. Mpwa wao, yuko Katuba, alifundishwa na marehemu mwenyewe tangu ana miaka saba. Wakampigia simu, akaja na gitaa ndani ya gunia la mchele. Akakaa kwenye kreti ya bia karakanani kwangu, kati ya spika zilizofumuliwa, akapiga wimbo ulio kwenye kaseti. Gumba likishuka, shahada ikipanda, na katikati ya beti ya pili kulikuwa na kusita kidogo, kama mtu anayeruka mfereji. Kaka mtu aliinuka akaenda kusimama mlangoni, akatupa mgongo.

Nikawauliza: sasa huyu mnataka nimfiche nyuma ya uso wa nani?

Tumekubaliana hivi. Kaseti tutaisafisha, sauti ya marehemu isikike peke yake gizani, beti moja, bila picha yoyote. Kisha mpwa aingie. Zile picha nne zitatundikwa pembeni, za karatasi. Spika mbili, maikrofoni moja ya sauti na moja ya gitaa, jenereta iwe tayari, ingawa kwa ukumbi ule mdogo hata ikigoma tutasikia. Kiti chake cha mbao, kile cha kukalia akipiga, bado kipo kwa dada yao. Wakilete wao. Mimi nitaleta taa moja.